Mpira wa Mkojo kwa Mgonjwa Mzee: Nani Anakumbuka Kwamba Upo?

Mgonjwa mwenye umri wa miaka sabini na kitu anapolazwa kwa homa ya mapafu au kiharusi katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, mambo matatu aghalabu hufanyika mapema: huwekewa kanula mkononi, hutundikiwa dripu, na huingizwa mpira wa mkojo. Mawili ya kwanza huandikwa kwa ukamilifu: dawa ipi, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. La tatu huandikwa kwa neno moja, na wakati mwingine haliandikwi kabisa. Dripu ikiisha, chupa tupu humwita muuguzi. Dawa ikifika siku yake ya mwisho, karatasi ya dawa huonyesha. Mpira wa mkojo haumwiti mtu. Unabaki chini ya shuka, mkojo unashuka mfukoni, na kila anayepita huona kitanda kikavu na mgonjwa aliyetulia.

Utulivu huo ndio unaostahili kutiliwa shaka. Mpira wa mkojo kwa mgonjwa mzee aliyelazwa ni tiba yenye madhara kama dawa yoyote kali, na haufai kuingizwa bila sababu inayotajika, wala kuachwa usiku mmoja zaidi ya sababu hiyo. Hoja hii si ngeni vitabuni. Ni ngeni katika mafaili ya wagonjwa, na umbali kati ya kitabu na faili ndio unaowagharimu wazee wa Dodoma, Singida na kwingineko.

Kifaa chenyewe ni cha kusifiwa. Mpira wenye puto dogo linalojazwa maji ndani ya kibofu ili usitoke ulibuniwa katika miaka ya 1930 na daktari wa Marekani, Frederic Foley, ambaye jina lake bado limo vinywani mwa wauguzi wote. Kwa mwanaume aliyefungwa mkojo tangu jana, tumbo limejaa kama ngoma, hakuna tiba yenye shukrani ya haraka kuliko hiyo. Kwa mgonjwa mahututi ambaye mkojo wake lazima upimwe kila saa, kwa baadhi ya upasuaji, kwa mwenye kidonda kikubwa cha makalio kinacholoweshwa na mkojo, kwa aliyevunjika nyonga au uti wa mgongo ambaye kumgeuza ni kumtesa, na kwa anayeelekea mwisho wa maisha ambaye faraja yake imekuwa jambo la kwanza, mpira una haki yake. Orodha ya sababu halali inakaribia kuishia hapo. Kutojizuia mkojo peke yake hakumo. Uzee haumo. Kukosa nguvu za kutembea hadi chooni hakumo. Kulazwa usiku hakumo.

Madhara yake ya kwanza yanajulikana kwa namba. Kila siku mpira unapokaa, wagonjwa kati ya 3 na 7 katika kila 100 huanza kuwa na vimelea kwenye mkojo. Ukifikisha siku 30, karibu kila mgonjwa anavyo. Sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo yanayopatikana hospitalini, kiasi cha asilimia 70 hadi 80 kwa takwimu za nchi zilizopima kwa muda mrefu, hutokana na mipira hii. Vimelea hupanda kwa njia mbili: kwa nje, kati ya mpira na ukuta wa njia ya mkojo, na kwa ndani, kutoka kwenye mfuko uliowekwa juu zaidi ya kibofu au maungio yaliyofunguliwa. Vikifika, hujijengea utando mwororo juu ya mpira, na ndani ya utando huo dawa hazivifikii vizuri. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumaliza dozi nzima ya dawa ghali ya sindano, homa ikashuka, kisha ikarudi wiki inayofuata: mpira ni uleule.

Madhara ya pili huzungumzwa kidogo, ingawa kwa mzee huenda ndiyo makubwa zaidi. Mwaka 1996 Sharon Inouye na Peter Charpentier walichapisha uchunguzi kuhusu mambo yanayochochea mkanganyiko wa akili wa ghafla kwa wagonjwa wazee waliolazwa. Walipata matano: kufungwa kitandani, utapiamlo, kuongezewa dawa zaidi ya tatu, madhara yatokanayo na huduma yenyewe, na mpira wa mkojo. Wataalamu wengine baadaye waliuita mpira huo kamba inayomfunga mgonjwa mahali pamoja, na tamathali hiyo haijatiwa chumvi. Mzee mwenye mpira haamki, kwa sababu mfuko unamvuta. Asipoamka, miguu hulegea, choo kikubwa hukauka, ngozi ya makalio huanza kuchubuka, damu huganda miguuni. Usiku wa tatu anaanza kuita majina ya ndugu waliokwisha kufariki.

Katika wodi za Kanda ya Kati hatari hii ina sura yake. Wazee wengi wa Chamwino na Bahi hujieleza vizuri zaidi kwa Kigogo, wa Kondoa kwa Kirangi, wa Singida kwa Kinyaturu. Muuguzi aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine anaposikia maneno asiyoyaelewa, si rahisi atambue kama bibi anaomba maji, anasema mpira unamuuma, au kweli ameanza kuchanganyikiwa. Mzee anapoushika mpira na kuuvuta, huandikwa kuwa ni msumbufu na mikono yake hufungwa kwa bandeji, nyongeza ya sababu nyingine katika zile tano. Akifanikiwa kuuvuta pamoja na puto lake lililojaa, hutoka damu, na njia ya mkojo inaweza kupata kovu litakaloiziba miezi kadhaa baadaye. Mara nyingi alichokuwa akikitaka ni kitu kimoja: kwenda kukojoa mwenyewe.

Kwa nini basi mipira huwekwa kwa wingi hivyo? Jibu la haraka ni uzembe, na jibu hilo si la haki. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuwa peke yake katika wodi iliyojaa, huku wagonjwa wanne au watano wakihitaji kugeuzwa, kusafishwa na kubadilishiwa shuka. Shuka zenyewe hazitoshi, na maji ni bidhaa ya kuhesabiwa katika eneo ambalo mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, kisha ardhi hukauka miezi saba. Pampasi za watu wazima hununuliwa na ndugu dukani nje ya geti, nazo huisha haraka kuliko fedha. Mpira mmoja na mfuko wake huonekana kuwa nafuu kwa wote.

Kuna pia jambo ambalo miongozo iliyoandikwa ng'ambo hailijui. Anayemuuguza mzee wodini mara nyingi ni mkwe wake. Mke wa mtoto hawezi kumshikia baba mkwe kopo la mkojo bila wote wawili kuvunjiwa heshima, na mkwe wa kiume hawezi hata kukaribia pazia mama mkwe anapojisaidia. Katika hali hiyo mpira huwa mwokozi wa staha, na familia huupokea kwa furaha, wakati mwingine huuomba. Anayetaka kuuondoa bila kuliona hilo atakuwa anapigana na familia nzima, na atashindwa.

Hata hivyo hesabu ya unafuu huo haijakamilika. Dakika zinazookolewa kwa kutobadilisha shuka siku ya kwanza na ya pili hulipwa siku ya sita, kwa kupima mkojo, kuchoma sindano mara tatu kwa siku, kuosha kidonda cha makalio, kumkalisha mtu kando ya mzee anayeweweseka. Familia iliyookoa bei ya pampasi hulipia siku za ziada za kulazwa, chakula na nauli za kwenda na kurudi Mpwapwa. Hakuna idara inayojumlisha gharama hizi mahali pamoja, kwa hiyo mpira huendelea kuonekana rahisi. Hali kadhalika, suala la mkwe lina suluhu ambazo ni za kibinadamu kuliko za kitaalamu: kumwuliza mgonjwa mwenyewe, siku ya kulazwa, ni nani angependa amsaidie, kumpangia muuguzi wa jinsia yake pale inapowezekana, kumwachia kijana wa kiume wa ukoo kazi hiyo saa za jioni. Swali hilo huchukua dakika moja, tena mara nyingi kwa mzee ndilo swali la kwanza la heshima aliloulizwa tangu aingie getini.

Zipo njia mbadala zisizohitaji bajeti mpya. Mgonjwa anayejitambua akiulizwa kila baada ya saa mbili au tatu kama anataka kukojoa, na kopo likiwa karibu, shuka nyingi hubaki kavu. Kiti chenye ndoo kando ya kitanda, ambacho fundi seremala yeyote wa mjini anaweza kukitengeneza, humsimamisha mzee mara tano kwa siku. Hilo pekee ni mazoezi ya viungo. Kwa mwanaume asiyeweza kujizuia lakini ambaye kibofu chake kinajimwaga sawasawa, mpira wa nje unaovalishwa kama kondomu una madhara machache kuliko unaoingizwa ndani. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2006 lilionyesha hivyo, hasa kwa wagonjwa wasio na ugonjwa wa kusahau. Kwa mwenye moyo uliochoka anayepewa dawa za kutoa maji mwilini, mizani ya kila asubuhi hueleza mengi ambayo mfuko wa mkojo hueleza, bila kumwingizia chochote. Na pale inaposhukiwa kwamba mkojo umefungwa, mashine ya ultrasaundi iwekwe juu ya kibofu kwanza. Si nadra kukuta kibofu kitupu: mgonjwa hakukojoa kwa sababu hakuwa amekunywa.

Lakini tatizo kubwa zaidi si kuingiza, ni kusahau. Mwaka 2000 Sanjay Saint na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza madaktari katika hospitali nne za Marekani kama walijua ni wagonjwa wao wepi wenye mpira wa mkojo. Kwa jumla, asilimia 28 ya majibu yalionyesha kutojua. Cheo hakikusaidia: wanafunzi hawakujua kwa asilimia 21, na madaktari bingwa wasimamizi kwa asilimia 38. Tena mipira isiyo na sababu ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Hizo ni hospitali zenye kompyuta kando ya kitanda. Raundi ya asubuhi ya hospitali ya Tanzania, yenye wagonjwa arobaini na msururu wa wanafunzi nyuma ya bingwa, haiwezi kujidai kuwa na kumbukumbu bora. Wanafunzi ndio wanaojua, kwa sababu wao ndio wanaofunua shuka. Wangefaa waulizwe.

Kinachofanya kazi kimeonekana. Mradi uliohusisha hospitali 603 za Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, uliwafundisha wafanyakazi kujiuliza kila siku kama mpira bado unahitajika, na kuwapa wauguzi nafasi ya kuamua. Katika wodi za kawaida maambukizi yalishuka kwa karibu theluthi moja, kutoka 2.28 hadi 1.54 kwa kila siku 1,000 za mpira. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi hayakushuka, jambo linaloeleweka, kwa sababu huko mipira mingi ina sababu ya kuwapo. Faida ipo wodini, kwa wazee wale wale wanaozungumziwa hapa, na haikuletwa na mpira wa aina mpya wala dawa mpya.

Kwa hiyo pendekezo linalofaa kubishaniwa katika vikao vya hospitali ni moja: muuguzi aruhusiwe kwa maandishi kutoa mpira wa mkojo pindi sababu iliyoandikwa inapokwisha, bila kusubiri sahihi ya daktari. Wapo madaktari watakaolipinga. Watasema muuguzi atatoa mpira wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume na kusababisha balaa. Pingamizi hilo lina jibu jepesi: wagonjwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, wa fistula, na wenye historia ya mpira uliokuwa mgumu kuingia huwekewa alama tangu mwanzo na hawaguswi bila daktari. Wengine wote, muuguzi anayeaminiwa kuuingiza aaminiwe pia kuutoa. Desturi ya kumruhusu afanye lile lenye hatari na kumkataza lile lenye nafuu haina msingi wowote wa kitaaluma.

Jambo jingine lisiachwe lipite. Mkojo wa mgonjwa mwenye mpira ukioteshwa maabara karibu daima utaota kitu. Mkojo mzito, wenye harufu, au wenye mawingu si ushahidi wa ugonjwa. Mgonjwa asiye na homa, asiyetetemeka, asiye na maumivu chini ya kitovu au ubavuni, hahitaji dawa ya kuua vimelea hata kama karatasi ya maabara ina jina refu la kimelea. Kumpa ni kumfundisha kimelea huyo kuishinda dawa. Tanzania ilikuwa na mpango kazi wa taifa dhidi ya usugu wa vimelea wa mwaka 2017 hadi 2022, ukafuatiwa na mwingine wa 2023 hadi 2028. Mipango hiyo hutekelezwa au huvunjwa hapa, kwenye uamuzi wa kutotuma kipimo kisicho na swali. Na pale dalili zinapokuwepo kweli, ikiwa mpira umekaa zaidi ya wiki mbili, hutolewa kwanza, au hubadilishwa kama bado unahitajika, ndipo mkojo wa kupimwa uchukuliwe. Mkojo wa mfukoni haupimwi kamwe.

Kundi moja linahitaji kusemewa tofauti, nalo ni wanaume wenye tezi dume iliyokua. Hao hawajasahauliwa wodini, wamesahauliwa nyumbani. Mzee wa Farkwa au Kibakwe hufungwa mkojo, huwekewa mpira kituo cha afya, huambiwa aende mjini kwa bingwa, na safari hiyo husubiri mavuno, mbuzi auzwe, au mtoto atume fedha kutoka Dar es Salaam. Miezi hupita. Mpira uliokusudiwa wiki moja hugeuka kuwa maisha: huingia mawe, huziba, hunuka, mzee huacha kwenda msikitini au kanisani kwa sababu ya mfuko ulio chini ya vazi. Si wote hao wanaohitaji kusubiri hivyo. Kwa wengi waliofungwa mkojo kwa mara ya kwanza, figo zikiwa salama, kuanzishiwa dawa ya kulegeza shingo ya kibofu kama tamsulosini, kisha kujaribu kutoa mpira baada ya siku mbili au tatu, huwawezesha baadhi yao kukojoa tena. Kabla ya hapo ni vyema kuuliza kama amepata choo kikubwa wiki hii, na kama alikuwa anameza dawa za mafua, za usingizi au amitriptilini. Mara kwa mara mkosaji si tezi peke yake. Jaribio likishindikana, ndipo upasuaji uwe wa haraka, na hapo wajibu ni wa wanaopanga orodha za chumba cha upasuaji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi huduma kwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na dirisha la wazee limewekwa mapokezi katika hospitali nyingi. Orodha ya upasuaji nayo ingestahili dirisha lake.

Kwa mgonjwa na ndugu, maswali ya kuuliza ni machache, na hakuna mhudumu anayepaswa kukasirika akiulizwa: mpira huu ni wa nini, na utatoka lini? Wakati upo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa sana, maungio yasifunguliwe, mpira ufungwe kwenye paja usivutwe, na sehemu za siri zioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida kila siku. Mzee asinyimwe maji kwa hofu ya mkojo, isipokuwa daktari amesema hivyo kwa ajili ya moyo au figo. Katika nchi kavu hii wazee wengi wamejizoesha kunywa kidogo ili wasiamke usiku kwenda choo kilicho uani, nao huja na mazoea hayo hadi wodini.

Mpira unapotolewa, inafaa iwe asubuhi, ili lolote likitokea litokee mchana. Hakuna haja ya kuubana na kuufungua siku nzima ili “kuzoesha” kibofu; desturi hiyo haijathibitika kuwa na faida. Mgonjwa anywe kama kawaida, asaidiwe kusimama au kukaa kwenye kiti, maana wanaume wengi wazee hawawezi kukojoa wakiwa wamelala, na aachwe faragha kidogo. Kuwashwa na kukojoa mara kwa mara siku ya kwanza si ajabu. Saa sita zikipita bila tone, au tumbo la chini likianza kuuma na kujaa, muuguzi aitwe mara moja, kibofu kipimwe. Na mgonjwa anayeruhusiwa kurudi kijijini akiwa bado na mpira aondoke na karatasi yenye mambo matatu: sababu, tarehe ya kutolewa au kubadilishwa, na jina la zahanati au kituo cha afya kitakachofanya kazi hiyo, kikiwa kimeshapigiwa simu kabla basi halijaondoka stendi.